Shajara ya mradi: historia ya klabu ya kikapu kutoka kabatini

Klabu yetu ni ya Dar es Salaam na inacheza ligi ya mkoa. Kwa miaka mingi imekuwa nusu ridhaa, nusu kulipwa: mchezaji ana kazi yake au masomo yake, klabu inampa jezi, nauli na posho ya mazoezi, na mfadhili akipatikana kunakuwa na kitu kidogo mwisho wa mwezi. Jina siliweki hapa mpaka wote waliomo kwenye madaftari ya fedha waridhie. Sababu itaonekana mbele.

Mradi ulianza pale mfadhili mtarajiwa alipoomba ukurasa mmoja wa historia. Kamati iliweza kutoa mistari miwili, na wa kwanza, wenye mwaka wa kuanzishwa, ulipingwa na watu watatu kabla haujapigwa chapa. Naandika hatua kwa hatua ili klabu nyingine zenye kabati kama letu ziige kilichofaa na ziruke kilichotugharimu bure.

20 Januari 2024: kilichomo

Kabati la chuma lilikuwa nyumbani kwa mweka hazina wa zamani. Ndani mlikuwa na bahasha za picha, albamu mbili zenye kurasa za kunata, karatasi za alama za mechi (nyingi za rangi ya waridi, chache za njano), madaftari makubwa ya hesabu, kaseti za VHS, barua, na vikombe ambavyo maandishi yake yamefutika kwa kusuguliwa kila mwaka.

Tulipiga picha kila rafu kama ilivyo kabla ya kugusa kitu, kisha kila bahasha ikapewa namba. Vijana walilalamika kwamba tunapoteza muda. Baadaye hatua hiyo ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu mweka hazina alikuwa na tabia ya kuchomeka picha kwenye risiti za msimu uleule. Ukizitoa na kuzipanga upya kwa ukubwa, ushahidi umeuchana mwenyewe.

Gharama: gari la kubebea kabati shilingi 30,000, skana ya mezani ya mtumba 130,000, diski ya nje 160,000, bahasha za karatasi 18,000.

11 Februari 2024: wazee pamoja, kisha mmoja mmoja

Tuliwaalika wachezaji wa zamani siku moja, tukanunua soda na maandazi, tukawasha kinasa sauti. Kilichopatikana ni kelele nzuri na historia mbaya. Mwenye sauti kubwa alisema, wengine wakaitikia, na mtu akitaja mwaka tofauti anachekwa mpaka ananyamaza. Kuna aliyetuambia mlangoni, wakati wa kuaga, kwamba alichokubali ndani hakukiamini hata kidogo.

Tukarudi kwa kila mmoja nyumbani kwake. Mambo mawili yalibadilisha kila kitu. La kwanza: usimuulize mtu mwaka. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka. Tuliandika orodha ya alama kwenye karatasi moja: Vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, Mwalimu kung'atuka 1985, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Niño 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Mzee aliyekuwa anayumba kati ya miaka ya themanini na miaka ya tisini alisema bila kusita: "Mwanangu, kombe lile tulilichukua nchi ikiwa kwenye msiba wa MV Bukoba, mechi ilisogezwa." Hapo umepata mwaka na umepata pa kutafuta gazeti.

La pili: weka picha mezani, kisha uliza nani amesimama kando yako na nani alikulipia nauli siku ile. Swali la nauli lilifungua midomo kuliko swali la ubingwa. Watu wamesahau alama za fainali, lakini aliyewaacha kituoni bila nauli wanamkumbuka kwa jina na kwa ukoo.

Mgogoro wa mwaka wa kuanzishwa haukuisha siku hizo. Kundi moja linasema "tuliporudi vitani", jingine linasema "baada ya Sokoine".

16 Machi 2024: picha zisizo na tarehe

Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia zaidi. Picha nyingi hazina maandishi mgongoni, lakini uwanja wenyewe unaongea ukijua sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zilibadilika lini.

Mstari wa pointi tatu uliingia kwenye sheria za FIBA mwaka 1984, mita 6.25 kutoka kwenye goli. Kwa hiyo picha yenye mstari huo si ya kabla ya hapo. Mwaka 2010 mstari ulisogezwa hadi mita 6.75, na eneo la sekunde tatu, ambalo tangu 1956 lilikuwa trapeza iliyo pana chini ya goli na nyembamba kwenye mstari wa mitupo huru, likawa mstatili. Mabadiliko hayo yalianza na mashindano makubwa, ngazi za chini zikapewa hadi 2012. Mwaka huohuo wa 2010 ndipo nusu duara ndogo iliyo chini ya goli, ambamo mshambuliaji akimgonga mlinzi hahesabiwi faulo, ilipoingia.

Jaribio la kwanza lilitupeleka kombo. Tulipanga picha zote zenye trapeza kwenye boksi la "kabla ya 2010". Kisha tukakuta moja ambayo nyuma ya benchi kuna mtu ameshika simu ya kupangusa, na bango lenye jina la Airtel, jina ambalo halikuwapo Tanzania kabla ya mwisho wa 2010. Ufafanuzi ni mwepesi: rangi ni pesa. Sheria inabadilika huko FIBA, lakini uwanja wa mtaa unasubiri mfadhili wa rangi. Tangu hapo tunafuata kanuni moja: mstari mpya unathibitisha kwamba picha si ya kabla, mstari wa zamani hauthibitishi kitu. Mabango hufunga pande zote mbili vizuri zaidi. Kampuni ileile ya simu iliitwa Celtel kuanzia 2001, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Bango la Zain ukutani limetupatia misimu miwili iliyokuwa haina picha hata moja.

Mpira pia ni shahidi. Mpira wa Molten wenye vipande kumi na viwili vya rangi mbili, chungwa na krimu, ulitoka 2004, ukaonekana na dunia nzima kwenye Olimpiki ya Athens. Ukiuona, uko 2004 au baadaye.

Namba za jezi ni shahidi dhaifu. Kanuni ya zamani ya FIBA ilikuwa namba 4 hadi 15, na uhuru wa 0, 00 na 1 hadi 99 ukaja 2014. Lakini shirikisho la nchi liliweza kuruhusu nyingine, na vijana wa Dar walianza kupigania namba 23 zamani sana, kwa sababu ya Michael Jordan. Urefu wa kaptula nauweka kama burudani tu: mzee mmoja ameapa kwamba alivaa fupi mpaka alipostaafu, na picha zinamuunga mkono.

Albamu za kunata zilitusumbua. Ukivuta picha kwa kona inakunjika na rangi inapasuka. Kilichofaa ni uzi wa kusafishia meno, kuupitisha polepole nyuma ya picha kama unakata ugali wa baridi. Zilizogoma tuliziacha ukurasani na kuziskani hivyohivyo. Tunaskani kwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, tunahifadhi TIFF (faili kubwa lisilopoteza ubora) na nakala ndogo ya JPEG ya kutumiana. Aliyewahi kutuma picha za familia kwa WhatsApp na kufuta za asili anajua kwa nini nasisitiza.

27 Aprili 2024: waridi na njano

Kwa kanuni za FIBA karatasi ya alama ina nakala tatu chini ya ile ya asili. Nyeupe ya asili ni ya FIBA, buluu ni ya waandaaji wa mashindano, waridi ni ya timu iliyoshinda na njano ni ya timu iliyoshindwa. Maana yake, kabla hujasoma herufi moja, rundo la kabatini linakuambia matokeo kwa rangi. Si kila ligi ilikuwa na fomu kamili, kuna miaka waliandika kwenye karatasi za kawaida, lakini zilizopo zinafuata rangi hizo na tumezihakiki kwa kujumlisha alama.

Hapo kamati ilisisimka, maana waridi ni nyingi na njano chache mno. Mtu akapendekeza tuandike kwamba klabu ilishinda robo tatu ya mechi zake. Nilikataa na bado nakataa. Nakala ya njano humfikia kocha aliyekasirika, dakika tano baada ya filimbi, kwenye gari la kurudi. Nani ataitunza? Kabati linaonyesha tabia ya watunzaji, halionyeshi uwiano wa ushindi. Kwenye historia tumeweka mechi zenye ushahidi tu, na asilimia hatukuandika popote.

Tatizo kubwa lilikuwa usomaji. Nakala za chini huandikwa kwa shinikizo la kalamu, na nyingi zimefifia. Mjumbe mmoja, kwa nia njema, alichukua fungu akalipeleka steshenari likapigwa laminesheni. Karatasi hizi zina kemikali badala ya kaboni, nazo zinachukia joto na mwanga. Zilirudi zikiwa na ung'avu na bila maandishi. Laminesheni haitoki. Hata mifuko laini ya plastiki ya PVC huzifuta taratibu, kwa hiyo zote sasa ziko kwenye bahasha za karatasi, gizani.

Zilizobaki tumezisoma kwa ujanja usiogharimu kitu. Skani kwa rangi, fungua kwenye programu ya bure ya picha, tenga rangi tatu za picha (nyekundu, kijani na buluu), baki na ile nyekundu peke yake. Karatasi ya waridi na ya njano zote zinageuka nyeupe, na wino wa buluu unageuka mweusi. Karatasi iliyokuwa haisomeki ikatupa majina kumi na mawili na faulo zao.

Ujanja huo una mtego. Tulikuwa na karatasi chache nyeupe za asili, tukazipitisha njia hiyohiyo, na timu yetu ikaonekana haikufunga hata pointi moja robo ya kwanza na ya tatu, mechi baada ya mechi. Karani wa meza huandika robo hizo kwa kalamu nyekundu, na wino mwekundu kwenye rangi nyekundu hutoweka. Nakala za chini hazina shida hiyo kwa sababu rangi ya nakala ni moja. Nyeupe zisomwe kama zilivyo.

Neno robo lenyewe linasaidia tarehe. Robo nne za dakika kumi na sekunde 24 za kushambulia zilianza 2000. Kabla yake ni vipindi viwili vya dakika ishirini na sekunde 30. Fomu yenye vipindi viwili tunaiweka karne iliyopita, kwa tahadhari ileile ya rangi ya uwanja: fomu za zamani hutumika mpaka boksi liishe.

8 Juni 2024: kaseti na magazeti

Kaseti zilikuwa na ukungu mweupe. Fundi wa kwanza aliitia moja kwenye deki bila kuisafisha, mkanda ukajifunga kwenye kichwa na kukatika. Wa pili alizikausha siku kadhaa kwenye ndoo yenye vifuko vya kunyonya unyevu, akafuta ukungu, akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti kila baada ya kaseti, na akaanza kurekodi mara ya kwanza tu mkanda ulipozunguka, maana huenda usizunguke tena. 25,000 kwa kaseti. Moja ilikuwa na fainali kamili. Nyingine ilikuwa na dakika nane za mechi, kisha harusi.

Magazeti: Maktaba Kuu, Uhuru na Daily News. Usiende bila wiki mahususi kutoka kwa wazee, utazama. Kikapu hupewa aya mbili chini ya soka, na majina hukosewa, lakini tarehe na uwanja huwa sahihi. Ile mechi ya "msiba wa MV Bukoba" tuliipata wiki tuliyoitegemea.

13 Julai 2024: daftari la posho

Nilikuwa nimeyaacha madaftari ya hesabu mwisho kwa kuyaona ni risiti tu. Ndiyo historia yenyewe.

Kila juma mweka hazina aliandika tarehe, jina, nauli, posho, na mchezaji akatia sahihi. Nani alikuwepo, nani aliumia, nani alihama katikati ya msimu, vyote vimo, kwa tarehe kamili, bila mtu kujisifu. Wapi mfadhili aliingia panaonekana kwa posho kupanda, na alipoondoka panaonekana kwa safu ya posho kubaki tupu na nauli peke yake kuendelea. Kuna msimu mzima ambao nauli nayo ilikoma na sahihi zikaendelea. Walikuja mazoezini na kusaini sifuri.

Ndipo tulipoelewa pia kwa nini majina bora yanapotea ghafla. Kando ya baadhi ya majina mweka hazina aliandika "ajira". Afrika Mashariki kuna njia mbili za klabu kumlipa mchezaji. Moja ni ya kwetu, ya posho. Nyingine ni ya taasisi: jeshi, polisi, bandari, benki, ambako mchezaji anaajiriwa, analipwa mshahara wa kazi na kupewa ruhusa ya mazoezi. Kenya njia hiyo imejenga Ulinzi Warriors ya jeshi, KPA ya bandari ya Mombasa, Co-operative Bank na Equity. Kwetu kuna JKT, ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana wa miaka 23 mwenye mtoto hachagui posho akipewa ajira, na hakuna wa kumlaumu. Klabu ya mtaa ndiyo inayomlea, taasisi ndiyo inayomvuna. Tulipoweka tarehe za "ajira" juu ya mstari wa matokeo, kila anguko letu kubwa lilikuwa mwaka mmoja baada ya majina mawili au matatu kupata alama hiyo. Makocha waliofukuzwa miaka hiyo wanastahili kuombwa radhi.

Daftari likamaliza na ugomvi wa mwaka wa kuanzishwa. Ukurasa wa kwanza wa la zamani kabisa una ada ya usajili, na ndani mmekunjwa nakala ya cheti cha Baraza la Michezo la Taifa, 1986. Lakini mchango wa kwanza uliotajwa ni wa kulipa deni la mipira "ya tangu timu ya mtaa". Kwa hiyo waliorudi vitani wanasema kweli kuhusu timu, na wa baada ya Sokoine wanasema kweli kuhusu klabu. Kwenye ukuta tumeandika yote mawili, na maneno "timu" na "klabu" yametenganishwa.

Halafu suala la Hasheem Thabeet. Huyu ni mtoto wa Dar, alisoma Makongo, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Hakuna Mtanzania aliyefika hapo kabla yake. Wazee wetu wawili wanasema alipita mazoezini kwetu. Inawezekana, Dar si kubwa kiasi hicho. Ila hayumo kwenye daftari, hayumo kwenye karatasi za alama, hayumo kwenye picha, na mtu wa futi saba na inchi tatu si rahisi kufichika kwenye picha ya timu. Tumemwacha nje. Kikao kilikuwa kirefu.

Uamuzi mgumu zaidi: tuchapishe nani alilipwa nini? Baadhi ya watu hao sasa ni mabosi, wengine wana shida, na kuna sahihi za walioaga dunia. Tumekubaliana kuchapisha jumla ya msimu na wastani, majina ya waliocheza, na kutoambatanisha jina na kiasi chochote. Madaftari ya asili yamefungwa, mtu anaruhusiwa kuona kurasa zake mwenyewe tu, na familia za marehemu vilevile.

21 Septemba 2024: ukuta

Tulichapa Kariakoo, bango la vinaili la mita sita kwa moja na nusu, 12,000 kwa mita ya mraba, yaani 108,000. Bango la kwanza lilikataliwa kwa sababu mchapaji alivuta picha ndogo zikajaa miraba. Kumbe alipewa zile JPEG za kutumiana. Alipopewa TIFF akatoa safi, ila malipo yalikuwa mara mbili.

Kila picha ina moja kati ya maneno matatu: "tarehe kamili", "kati ya", au "si kabla ya". Wajumbe wawili walitaka tuondoe hayo kwa kuwa yanaonekana kama hatujui kazi. Yamebaki. Siku ya uzinduzi watu wanne walikuja na kalamu na kusahihisha "kati ya" zetu, na mmoja alirudi na picha yenye tarehe mgongoni.

Jumla mpaka sasa, na diski ya pili inayokaa nyumba nyingine, ni kama shilingi 900,000, nusu yake michango ya wachezaji wa zamani walio nje ya nchi. Mfadhili aliyeomba ukurasa mmoja alipewa kurasa nne. Akasaini mwaka mmoja.

15 Februari 2025: yaliyobaki

Timu ya wanawake ya klabu ilicheza misimu kadhaa na kabatini ina karatasi mbili tu, zote njano. Posho yao haikupitia kwa mweka hazina bali kwa kocha, na daftari la kocha halijapatikana. Tunaanza na wao mmoja mmoja, nyumbani, kwa orodha ileile ya alama. Anayetaka kuiga orodha hiyo abadilishe matukio kulingana na mahali pake: Mombasa wataanza na mengine, na Kigoma vilevile.

Pia tunaandikisha sasa kila mechi ya msimu huu: karatasi ya alama inapigwa picha uwanjani kabla ya gari kuondoka, waridi au njano, na faili inaanza na mwaka, mwezi, siku. Kocha mpya amekubali, kwa sharti kwamba za njano asizione mpaka Jumatatu.